Pengo Kwenye Jiwe la Akina Parry

Zamani mtu wa Pengraig akifa, jina lake lilichongwa kwenye sleti, jiwe la kwetu linalopasuka kwa mabamba, na mtu aliyewahi kula naye meza moja. Siku hizi linachapwa na mashine mji wa mbali, na anayeiwasha hiyo mashine hajui hata jina lenyewe linatamkwaje.

Idwal Parry alilijua hilo kuliko wote, maana yeye ndiye aliyebaki. Kuanzia machimbo ya Pengraig, upande wa New York, mpaka kuvuka daraja na kuingia Kinsley, upande wa Vermont, hakukuwa na mtu mwingine aliyeweza kushika tindo na nyundo akaandika jina likasomeka baada ya miaka mia. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne, akaingia machimboni pamoja na baba yake, na yote aliyoyajua baada ya hapo alijifundisha mwenyewe jikoni: Kiwelisi cha kusoma, kwa Biblia ya babu yake na kamusi iliyopoteza jalada, historia, kwa vitabu ambavyo maktaba ilikuwa inavitupa, na ile kazi ya kusoma mwandiko wa makarani waliokufa, ambayo haifundishwi popote. Hakuna aliyempa cheti. Hakuna aliyemshukuru pia.

Sasa alikuwa na miaka sabini na saba, mapafu yamejaa vumbi la sleti, na tangu majira ya baridi yaliyopita mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Daktari alimwambia, kwa sauti ile wanayoitumia kwa wazee na watoto wadogo, kwamba baada ya mwaka mmoja, labda na nusu, hataweza kunywa supu bila kuimwaga. Idwal hakujali supu. Alijali mstari mmoja.

Mstari huo ulikuwa makaburini, nyuma ya kanisa la Penieli. Babu yake, Hugh Parry, ndiye aliyelichonga jiwe la ukoo mwaka 1912. Juu aliwaandika baba na mama yake, waliokuja kwa meli kutoka Welisi na watoto watatu. Chini, watoto wenyewe kwa mpangilio wa kuzaliwa. Catrin alikuwa wa kwanza. Hugh alikuwa wa mwisho, na tarehe ya kifo chake ilikuja kuongezwa na mwanawe. Katikati yao palikuwa na nafasi tupu ya mstari mzima, laini, iliyosuguliwa ikawa tayari kwa herufi.

Nafasi hiyo ilikuwa ya Griffith. Griffith alikwenda Magharibi, ndivyo ilivyosemwa nyumbani kila alipotajwa, naye alitajwa mara chache sana. Alikwenda Magharibi akiwa kijana, hakuandika barua, na hakuna aliyejua alikufa wapi wala lini. Baba yake Idwal, siku zake za mwisho, alisema maneno machache tu juu ya jambo hilo: "Ukijua, chonga."

Ndiyo maana Idwal alikuwa amemtafuta Griffith Parry kwa miaka thelathini na mmoja.

Kumtafuta Mwelisi kwenye nyaraka ni adhabu. Wazee wetu walikuja na majina kama kumi hivi wakagawana. Kwenye sensa moja tu, ya mwaka 1900, Idwal aliwapata akina Griffith Parry kumi na tisa, wa Pennsylvania, wa Ohio, wa Wisconsin, wa Iowa, karibu wote wachimbaji, wote wazaliwa wa Welisi, wote wana mke anayeitwa Mary au Jane. Karani wa sensa alifika mlangoni, mume yuko machimboni, mke akakisia miaka, karani akaandika alivyopenda. Mtu yuleyule ana miaka thelathini mwaka 1900 na thelathini na sita mwaka 1910. Mwingine anaambiwa kazaliwa Uingereza kwa sababu karani haoni tofauti. Idwal aliandika kwa makanisa, kwa mahakama, kwa ofisi za vifo. Ofisi zilimletea fomu. Alipojaza fomu zilimletea nyingine, ya kuthibitisha kwamba yeye ni ndugu wa marehemu, na kitu pekee ambacho kingethibitisha ni ile karatasi aliyokuwa anaiomba.

Mwaka 1994 alipanda basi kwa saa kumi na nne hadi Ohio, akasimama mbele ya kaburi la Griffith Parry mmoja, akavua kofia, akaimba wimbo mzima wa kanisa peke yake kwenye mvua. Aliporudi nyumbani alikuta barua kutoka kanisa la kule imemtangulia. Griffith yule alikuwa mwana wa pekee wa mjane fulani, hana uhusiano wowote naye. Idwal alikohoa mwezi mzima. Mvua ile hakuisamehe.

Kisha ikaja kompyuta, na kila mtu akawa mtaalamu. Kayla, mwanamke kijana aliyeshika maktaba, alimwita siku moja mbele ya kioo cha kompyuta.

"Mzee Parry, huyu hapa mtu wako. Amekufa Wisconsin, 1940. Watu thelathini na wanne wamekubali."

"Wamekubali nini?"

"Wamemweka kwenye ukoo wao."

"Wameona cheti cha kifo?"

"Wameona mwenzao amemweka."

"Kwa hiyo mjinga mmoja amekosea, na wengine thelathini na watatu wakanakili kosa lake."

"Unaweza kuwaandikia ukawasahihisha."

"Nimeshawaandikia. Mama mmoja wa Oregon ameniuliza mimi ni wa ukoo gani, anisahihishe."

Kayla alicheka. "Labda na yeye hana pa kwenda leo."

Idwal alichukua kofia yake akaenda nyumbani. Kwake jikoni, kwenye rafu juu ya jiko, yalikuwa madaftari ya Penieli. Kanisa lenyewe lilikuwa limebaki na waumini wanne na lilifunguliwa mara moja kwa mwaka, paa lake la sleti likiwa zima kabisa na watu chini yake hawapo. Idwal ndiye aliyekuwa karani, maana hakuna mwingine aliyeweza kuyasoma. Na humo, kwenye ukurasa wa mwezi Machi 1899, kulikuwa na kitu pekee cha hakika alichowahi kukipata juu ya Griffith: *Griffith Parry, mwana wa Richard na Elin. Ameondoka bila barua.*

Kwetu mtu hakuhama hivihivi. Akihamia mji mwingine, kanisa lilimwandikia barua ya kusema kwamba ni muumini mwema, akaipeleka kwenye kanisa la huko alikokwenda, na karani akaandika daftarini barua ilikwenda wapi. Ukizifuata barua unaweza kumfuata Mwelisi kutoka kijijini kwao hadi Iowa bila kumpoteza hata wiki moja. Griffith hakuwa na barua. Idwal aliusoma mstari ule mara mamia akamwona kijana mwenye haraka, hasira labda, begi begani, anadandia treni ya Magharibi alfajiri kabla ya karani kuamka. Picha hiyo ndiyo aliyoifuata kwa miaka yote.

Alhamisi ilikuwa siku ya mayai. Kwa miaka arobaini Idwal alivuka daraja kwenda Kinsley kununua mayai kwa Marian Hudak, mlango wa nyuma, na katika miaka hiyo arobaini hakuwahi kuingia sebuleni mwake. Marian alikuwa mjane, mdogo kwake kwa mwaka mmoja tu, mnene, mwenye buti za mpira majira yote.

"Umechelewa, Parry. Kuku wamekata tamaa."

"Kuku wako hawajawahi kuwa na tamaa. Yale ya wiki iliyopita yalikuwa mayai ya njiwa."

"Basi kanunue ya dukani, yana mihuri mizuri." Alimpa mayai, lakini hakufunga mlango. "Kula polepole hayo. Nauza kuku. Mwanangu Dale amepata kazi Karolina ya Kaskazini, anasema hawezi kuendelea kuja kila siku kunikwangulia theluji. Tunaondoka mwisho wa Oktoba."

Idwal akasema, "Kule hakuna sleti."

"Kule hakuna theluji pia. Ngoja." Aliingia ndani akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha meza. "Chukua. Mama yangu alikuwa karani wao wa mwisho. Mimi sijui hata juu ni wapi na chini ni wapi. Wewe ndiye unayesoma makorokoro haya."

Idwal alifunua kona ya kitambaa, akaona kitabu cha karani wa kanisa, akaifunika tena. "Hiki ni cha Ainoni."

"Hakiumi."

"Kwetu hatukuwahi kuvuka mlango wa Ainoni, Bi Hudak."

"Ainoni haipo, Parry. Mle ndani wanauza mitumbwi ya plastiki. Utavuka mlango upi?"

Alikichukua kwa sababu mikono ya yule mama ilikuwa bado imenyooshwa. Nyumbani alikiweka ukumbi wa nyuma, juu ya gunia la viazi, kikakaa hapo wiki tatu.

Leo mtu akisikia hayo atacheka. Watu wa siku hizi hawajui kwamba watu waweza kutoka kijiji kimoja, kuimba nyimbo zilezile kwa lugha ileile, kupasua jiwe lilelile, na bado wasizikane. Penieli walimnyunyizia mtoto maji akiwa mchanga. Ainoni, kanisa la Wabatisti upande wa Kinsley, waliwazamisha watu wazima mtoni, hata Aprili, barafu ikiwa bado inaelea. Kwa sababu hiyo tu mtu wa Penieli hakuoa Ainoni, hakukopesha ngazi Ainoni, na mezani kwa Hugh Parry jina hilo halikutajwa kabisa. Idwal alilelewa hivyo. Aliamini hivyo hata baada ya Ainoni kufungwa, hata baada ya Penieli kubaki watu wanne, maana mtu akinyang'anywa kila kitu hushika kwa nguvu hata kile ambacho hakina faida.

Alikifungua Jumapili moja mchana, kwa ubaya tu. Kayla alikuwa amempigia kumwambia kwamba wale wa Wisconsin sasa wamefika arobaini na mmoja. Alikuwa na hasira, akataka kitu cha kukikosoa, akaona heri aone jinsi Wabatisti walivyoandika Kiwelisi kibovu.

Hakikuwa kibovu. Kilikuwa kizuri, tena chenye mwandiko wa kupendeza, na hilo lilimuudhi zaidi. Alipindua kurasa akitafuta kosa mpaka akafika tarehe 9 Aprili 1899.

*Amepokelewa leo kwa maji, mtoni, Griffith Parry, mwana wa Richard na Elin, kutoka Penieli. Hana barua.*

Idwal aliinuka akashusha daftari la Penieli kutoka rafuni, akayaweka mawili sambamba mezani. Machi, ameondoka bila barua. Aprili, amepokelewa, hana barua. Kati yao, maili mbili na daraja.

Jambo lenyewe alilijua. Barua hazikuandikwa kwa mtu anayekwenda dhehebu lingine. Zilikwenda kwa watu wetu tu. Aliwahi kuwaeleza hivyo kwa barua ndefu watu waliomwandikia kutafuta babu zao: ukiona "bila barua", mwone kwanza Mbatisti wa karibu. Amewaeleza wageni, na kuhusu ukoo wake mwenyewe halikumjia kichwani hata siku moja. Kwao walikuwapo walevi wawili na mmoja aliyefungwa kwa kuiba baruti. Hayo yangeweza kutokea katika ukoo. Mbatisti hapana.

Kisha akaona la pili. Mwandiko wa ule mstari wa Machi 1899, ambao ameusoma mara mamia, anaujua kama sauti. Herufi zake ndizo alizojifunzia kuchonga. Karani wa Penieli mwaka ule alikuwa Hugh Parry. Babu yake mwenyewe aliandika kwamba ndugu yake kaondoka bila barua, akijua vizuri kaenda wapi, halafu akakaa mezani miaka hamsini na kuwaambia wanawe kwamba Griffith alikwenda Magharibi.

Akaendelea kupindua, sasa akisoma kwa kidole. 1901, Griffith ameoa. 1904, binti, Lowri. 1930, Lowri ameolewa na Mmarekani aliyeitwa Sawyer. Mwaka 1933 Griffith Parry amefariki, amezikwa Kinsley. Na mwaka 1938, kwa mwandiko wa Lowri mwenyewe, sasa karani: amezaliwa kwetu binti, Marian.

Idwal alikaa hapo mpaka chai ikashika ngozi. Aliifikiria mvua ya Ohio. Alizifikiria fomu. Akafikiri jinsi kila Alhamisi alivyokuwa akipita nyuma ya kituo cha zimamoto cha Kinsley, palipo makaburi ya Ainoni, akigeuza uso upande wa pili kama alivyofundishwa.

Kesho yake, Jumatatu, alibisha mlango wa nyuma.

"Leo si Alhamisi," Marian alisema.

"Babu yako alikuwa nani?"

"Nilikuwa nao wawili, kama watu wengine."

"Wa upande wa mama."

"Babu Griff? Mpasua sleti. Alikufa mimi sijazaliwa. Kuna nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Miaka arobaini umeniuliza mayai." Alimtazama vizuri, akasogea mlangoni. "Ingia ukae, rangi yako si nzuri. Futa miguu."

Ndipo Idwal alipoingia sebuleni mwa Marian Hudak. Kulikuwa na maboksi kila mahali. Alikaa kwenye moja, akamwambia yote: jiwe, pengo, Ohio, Wisconsin, madaftari mawili. Alizungumza muda mrefu na alikohoa katikati. Marian alisikiliza huku akifunga vikombe kwenye magazeti.

"Kwa hiyo umemtafuta miaka thelathini," alisema mwishowe.

"Na mmoja."

"Lakini yeye hajapotea, Parry. Yuko nyuma ya zimamoto, mstari wa pili. Nilimpelekea maua mwezi Mei, na mwaka jana Mei, na mwaka juzi. Sisi tunajua alipo. Ninyi ndio mliompoteza."

"Ulijua kwamba ni sisi?"

"Mama alisema tuna ndugu ng'ambo ya daraja wasiotaka kutujua. Akina Parry. Akina Parry mko wengi kama mawe. Sikujua ni ninyi, na nikisema kweli, sikuwa naomba wawe ninyi."

Kutoka jikoni sauti ya Dale, mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, ilisema, "Mama, huyo anabishana nawe kuhusu nini leo?"

"Tumegundua ni kaka yangu."

"Basi abebe boksi."

Idwal hakucheka. Alieleza anachotaka. Herufi amezipanga kwenye karatasi tangu mwaka 1986: jina, mwaka wa kuzaliwa, na nafasi ya kifo. Anahitaji ruhusa tu, kwa kuwa Marian ndiye mjukuu. Mkono wake hautangoja mwaka mwingine.

Marian aliweka kikombe chini. "Ana jiwe lake tayari."

"Hili ni la ukoo."

"Ukoo uliomtupa. Mama alisema walikuwa wakikutana darajani, hawa ndugu wawili, mmoja anakwenda kazini na mwingine anarudi. Babu yako alikuwa akigeuka kutazama maji mpaka babu yangu apite. Miaka thelathini na nne, Parry. Na leo unataka nikupe jina lake ili jiwe lenu lipendeze."

Idwal alijibu kwa kitu pekee alichokijua vizuri. "Mchongaji hupima kabla ya kukata," alisema. "Unachora mistari yote kwa chaki kwanza. Kama hakumtaka, angeyasogeza majina yakaribiane, wala hakuna mtu angejua. Amepima nafasi yake kamili. Jina, miaka, mahali. Nimeipima mimi. Inamtosha kwa ukamilifu. Kisha akaisugua."

Dale alifika mlangoni akasimama na boksi mikononi.

"Haya," Marian alisema. "Chonga. Lakini uandike alipofia. Kinsley. Si Magharibi, si nafasi tupu."

"Kila atakayesoma atajua ni maili mbili."

"Ndiyo."

"Itamwaibisha babu."

"Imwaibishe. Amekufa, hatasikia. Au huwezi kuandika hilo, kaka?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita hivyo tangu dada yake alipozikwa. Aliondoka, na njiani alikasirika na kila mtu: na babu yake kwa kusema uongo, na Griffith kwa kujizamisha mtoni pasipo sababu ya maana, na Marian kwa kumwekea sharti, na nafsi yake. Kwa wiki nzima hakuenda makaburini. Aliichukua karatasi yake ya 1986, akaandika jina bila mahali, likakaa vizuri. Akaandika na mahali, likakaa vizuri zaidi, kwa kuwa ndivyo Hugh alivyoipima nafasi. Mtu yule alikuwa ameacha pengo lenye upana wa neno ambalo yeye mwenyewe hakuthubutu kulitamka. Idwal alilipima tena, alipime asipime lilikuwa lilelile.

Alianza wiki ya pili ya Oktoba. Alibeba kigoda, blanketi la magoti, matindo manne na nyundo ya mti. Zamani kazi kama hiyo ilikuwa ya siku mbili. Sasa alifanya herufi mbili kwa siku, na siku nyingine moja. Mkono ulitetemeka alipoushika hewani, ulitulia tindo lilipogusa jiwe, kisha ukachoka ghafla bila taarifa. G ilikuja vizuri. Jina lote lilikuja vizuri, miaka ikaja vizuri. Alipofika kwenye K ya Kinsley mkono uliruka, na kipande cha sleti chenye ukubwa wa ukucha kikabanduka juu ya herufi. Sleti haina msamaha, kilichotoka kimetoka. Idwal alikitazama kipande kile mkononi mwake akatamka neno ambalo halikupata kutamkwa nyuma ya Penieli. Halafu akakitia mfukoni, akaendelea.

Marian alikuja mara moja, Ijumaa, kwa miguu yake, akisimama kila hatua chache darajani kupumua. Aliinama akaisoma herufi moja moja, maana maneno mengine, ya Kiwelisi, hakuyaelewa.

"Hapa umeharibu," alisema.

"Nimeona."

"Watadhani umelewa."

"Watakaosoma watakuwa nani? Taja mmoja."

Marian alitoa mfukoni mayai mawili ya kuchemsha, bado yana joto, akampa moja, wakala wamesimama. Maganda aliyachukua. Alimwambia kwamba gari lingepakiwa Jumanne asubuhi na kwamba atapita hapa, kwa kuwa barabara kuu iko upande huu. Idwal akasema vyema.

Jumanne alikuwa kwenye kigoda chake tangu baridi ya alfajiri. Ilikuwa imebaki herufi moja, Y, na ndani ya Y ulibaki mkono wake mrefu, ule unaoshuka. Alikuwa katikati ya mkono huo aliposikia lori likiteremka kutoka darajani. Alilijua kwa mlio wa gia, Dale hajawahi kubadilisha gia vizuri. Lilipunguza mwendo mbele ya uzio wa makaburi. Honi ikapigwa mara moja, ikanyamaza, injini ikasubiri.

Mkata herufi hasimami katikati ya mstari. Ukisimama, tindo haliirudii njia yake tena kwa usawa, na mstari unaonekana umevunjika hata baada ya miaka mia. Idwal alilijua hilo tangu akiwa na miaka kumi na minne. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetulia, kwa mara ya kwanza wiki nzima ulikuwa umetulia, naye akaushusha mkono ule wa Y taratibu, pigo kwa pigo, mpaka chini.

Alipoinua kichwa, lori lilikuwa limeshaanza kuondoka. Aliona godoro limefungwa kwa kamba, kizimba cha kuku kitupu juu yake, na kwenye dirisha la abiria mkono mnene wenye glavu ya kufumwa, umenyooshwa nje, unapunga kuelekea upande wake. Aliinua nyundo juu. Hakujua kama walimwona. Lori lilipinda penye kona ya machimbo ya zamani, na hiyo ndiyo ikawa mara ya mwisho kuwaona.